Kina cha Elspeth

Hapa Burnley, Uingereza, hakuna anayezikwa bila shairi gazetini, na jina lake lazima limalize mstari na lipate kina. Dada wa gazeti alikuwa kwenye simu, akisubiri shairi la binti yetu.

"Jaribu tena," nilimwambia mume wangu.

Nilipokuwa na mimba, yeye ndiye aliyechuja majina kwenye meza hii hii. Shuleni walimtungia nyimbo za kumdhihaki kwa jina lake, kwa hiyo kila jina alilitafutia vina kwanza. Kelly alilitupa, maana kwa Kiingereza lina kina kimoja na smelly, kunuka. Elspeth lilipata neno moja tu, death, yaani kifo. Tulicheka sana.

"Mtoto gani ataimba hilo?" alisema, tukalichagua.

Sasa chai yake ilikuwa imeshika utando. Midomo yake ilikuwa na wino kwa kuitafuna kalamu.

"Dada, upo?" sauti iliita kwenye simu. "Tunafunga ukurasa."

Mume wangu alinisogezea karatasi. Mstari wa mwisho ulikosa neno moja.

"Unalijua," alisema.

Nilimsomea yule dada mistari yote minne, na neno lenyewe nikalitamka mimi.

Nilimsikia akiandika.

"Haya," alisema. "Na umri wake?"