Mishono Juu ya Nyota

Tangu kamera zote zilipoamriwa kufuta satelaiti kwenye picha, mbingu ya Lushoto ilikuwa safi kwenye skrini tu. Chiku hakukubali. Picha zake za nyota za mbali aliziunganisha mwenyewe bila kuiachia kamera izisafishe, akiacha kila mchirizi pale satelaiti ilipopita, kisha akazichapa kwenye kitambaa, maana kitambaa hakijifuti. Akakitundika sebuleni, wageni wapende wasipende.

Jioni moja alirudi kutoka kazini akamkuta mama mkwe wake, Bi Salme, amekipakata kitambaa, anakata uzi kwa meno.

"Nimekuzibia mikwaruzo yote, mwanangu," alisema kwa furaha. "Hiyo kamera yako imechoka."

Kila mchirizi ulikuwa umefunikwa kwa uzi mweusi, mishono midogo, mizuri ajabu.

"Mama, ile si mikwaruzo! Wametujazia vyuma huko juu, wakatuziba macho tusivione, na sasa hata humu ndani tuwasaidie kuficha?"

"Mbona unanipandishia sauti? Mbingu yenye michirizi umeiona wapi?"

Chiku akamshika mkono, akamtoa nje hadi uani. Jua lilikuwa limezama punde tu. Satelaiti zilipita juu ya paa kwa misururu, zinang'aa, zikizikatiza nyota chache zilizokwisha kujitokeza.

"Haya, mama. Na kule nako kashone."

Bi Salme alitazama juu kwa muda mrefu, sindano ingali vidoleni.

"Uzi hautatosha," alisema taratibu.