Mdoli wa Wodi ya Wazazi

Sista Perpetua alimtazama yule mdoli wa kitambaa kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai. Eti utafiti! Binti wa chuo, Shangwe, kaja na mdoli wake kuuliza wakunga wanawatendeaje akina mama, na asubuhi nzima kila mama kajibu "vizuri tu" huku akimwibia Sista jicho pale mlangoni.

"Basi usiniambie, Mama Tumu," Shangwe akamwambia mama aliyejifungua jana. "Mdoli ndiye mzazi, wewe ndiwe mkunga. Haya, mzalishe!"

Wodi nzima ikacheka. Sista akasonya. "Tumesomea ukunga tuje kucheza na midoli? Kinyaa kitupu."

Mama Tumu, huku anacheka, akamlaza mdoli kitandani, akamtanua miguu, halafu bila hata kufikiri akamchapa kofi la paja, paa! "Nyamaza! Usiku wa raha ulipiga kelele hivi?"

Kicheko kikakatika. Yalikuwa maneno ya Sista, na sauti yake ileile.

Mama Tumu akaziba mdomo. "Nisamehe, Sista. Ulinishona vizuri, nashukuru."

Sista alitaka kufoka, lakini kinyaa kikamrudia, na safari hii hakikuwa cha mdoli. Akafuta kiganja chake cha kulia kwenye gauni. Akakifuta tena.

"Nani mwingine?" Shangwe akauliza taratibu.

Kwenye kitanda cha pembeni, mama mmoja akanyoosha mkono apewe mdoli. Sista akatoka mlangoni hadi alipolala mdoli. Akamwinua, akamkutanisha miguu polepole, akampelekea yule mama.