Maji ya Jina

Nchi nzima ilichukua jina la kisima hiki, na kwa lugha ya wazee jina hilo ni "maji yasiyokatika". Kisima chenyewe kilikauka miaka kumi na mmoja iliyopita. Bi Mashavu, mtunzaji wake, hakumwambia mtu. Kila jioni ya kuamkia sikukuu ya bendera alipanga foleni bombani, akabeba ndoo kichwani moja baada ya nyingine na kuzimimina kisimani, ili wakubwa wakija wachote na kunywa mbele ya watu.

Mwaka huu magoti yaligoma. Alfajiri alibeba ndoo moja tu, akafulia kanga zake, akazianika uani.

Mkuu mpya wa wilaya akafika na umati nyuma yake.

"Shikamoo, bibi. Tumekuja kunywa jina letu."

"Marahaba, baba. Chota."

Kamba ikateremka, ikateremka, mpaka wote wakasikia bati likigonga jiwe. Mkuu akaivuta ndoo, akachungulia ndani. Mchanga na jani moja.

"Tangu lini?" akanong'ona.

"Tangu zamani, baba. Nimechoka."

Mkuu akamtazama, akautazama umati. Kisha akainua ndoo mdomoni, koo likapanda na kushuka, akajifuta midomo.

"Matamu!"

Watu wakapiga vigelegele, wakajipanga mstari, kila mmoja na kikombe chake. Bi Mashavu akaketi ukingoni. Uani kwake, kanga zilikuwa bado zinadondosha maji.