Mkono wa Kinyozi

Kinyozi alikuwa akinyoa kwa mkono wa kulia, na fundi bomba, aliyekaa kitini na shuka shingoni, hakuelewa. Tangu amwoe dada wa kinyozi, hakuwahi kumwona shemeji huyu akishika hata kijiko kwa mkono huo.

"Mimi? Hawanichanji ng'o!" kinyozi akanguruma, na benchi zima la wateja likaangua kicheko.

Fundi bomba alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akiwabembeleza majirani wakachanjwe. Jibu lilikuwa moja: kinyozi akichanjwa, nasi tutakwenda. Hata baba yake kinyozi, mzee wa pumu aliyekuwa akikohoa pale benchini, alishikilia hilohilo.

Mashine ikamkwaruza fundi bomba sikio. Kwenye kioo aliuona mkono wa kushoto wa kinyozi ukining'inia kama nguo kambani. Kinyozi alijaribu kuuinua ampanguse nywele, akauma meno, akaushusha.

Fundi bomba aliyajua maumivu yale. Yalimlaza ubavu mmoja baada ya sindano yake ya chanjo.

Macho yao yakakutana kiooni. Ya kinyozi yalikuwa yakiomba. Yaliomba nini, asitiriwe au aokolewe? Fundi bomba hakujua acheke au akasirike.

"Mkwe, leo mbona umefyata ulimi?" mzee akauliza, kisha kikohozi kikamkata kauli.



"Shemeji," fundi bomba akasema, "huku kulikobaki nimalizie kwa mkono wako wa siku zote."

Kinyozi akaizima mashine. Benchi zima likamgeukia.