Mtu Asiyetakiwa Kurudi

Rasimu ya nne ilipaa juu ya kichwa cha mwanagenzi, ikagonga kabati la mafaili, ikatua sakafuni kwa heshima zote za maziko.

"'Atajitahidi kutorudi ofisini,'" wakili alisoma kutoka kwenye nakala yake, kwa sauti ya kubana pua. "Kujitahidi ndiyo nini, binti? Hata mwizi hujitahidi kuacha."

"Nitaandika 'hatarudi', mzee."

"Na funguo atazirudisha 'kwa wakati unaofaa'. Unaomfaa nani? Taja siku, taja saa!"

Wakili huyo, ambaye makarani walimwita Pilipili akiwa mbali, alitaka mkataba mmoja tu: mtu anaondoka ofisini, asikanyage tena, asiguse faili la mteja hadi kufa kwake. Nafasi ya jina aliagiza iachwe wazi.

Mwanagenzi hakuhitaji kupiga ramli. Mafunzo yake ya uwakili yalibakiza mwezi mmoja, na bila saini ya Pilipili kwenye fomu yake hangeapishwa kamwe. Juzi alimsahihisha mzee mbele ya mteja: kesi ilikuwa Jumanne, si Alhamisi. Tangu hapo Pilipili hakumtazama usoni.

Basi alikuwa akijichimbia kaburi, tena kwa kusahihishiwa vipimo.

Rasimu ya tano haikurushwa. Ilihojiwa.

"Akija analia?"

"Mlango usifunguliwe."

"Akija na maneno matamu?"

"Usifunguliwe."

"Akikana kwamba alisaini?"

Hilo mwanagenzi hakuwa amelifikiria.

"Atakana, huyo!" Pilipili alipiga meza. "Atakana hata jina la mama yake. Weka daktari ashuhudie kwamba siku ya kusaini alikuwa na akili timamu."

Loo! Kumbe mtu hufukuzwa na kupimwa wazimu juu yake.

Rasimu ya sita aliiandika kwa hasira, na hasira, ikumbukwe, ni kalamu nzuri. Hakukuwa na "huenda" wala "ikiwezekana". Kila sentensi ilisema nani, afanye nini, lini. Kama ni kutolewa, atatolewa kwa mkataba ambao hata yeye mwenyewe hataweza kuuvunja.

Pilipili aliusoma mara mbili.

"Hauna tundu hata la kupitisha uzi," alisema, kama anayetema mfupa. Akabonyeza kengele. Karani akamwingiza daktari na mkoba wake, naye akaketi bila kusalimia mtu.

"Haya. Jina."

Mwanagenzi alishika kalamu. Akainama kwenye nafasi iliyoachwa wazi, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake.

"Nani kakwambia uandike hapo?" Pilipili alinguruma, akamnyang'anya karatasi. "Wewe unasaini chini, kwa niaba ya ofisi! Fomu yako nimeshaitia saini, iko kwa karani. Usinitolee macho."

Akaikata ile herufi. Juu yake akaandika jina lake mwenyewe, polepole, kama mtoto anayejifunza kuandika, kisha akaweka saini na kumsukumia daktari kalamu.

"Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa nimesahau haya yote, kama nilivyosahau ile Jumanne; nitakuja hapa nikutukane, niape kwamba sijasaini kitu," alimwambia mwanagenzi. "Usinifungulie."