Setelaiti ya Bwana Zima

Bwana Zima aliua setelaiti moja tu maishani mwake, tena kwa bahati mbaya, lakini jina likamganda mpaka leo.

Ilikuwa zamu yake kwenye kituo cha mawasiliano ya anga, kule ufukweni. Aliagizwa aitumie setelaiti amri ya kulala kidogo, ipumzike. Akabonyeza. Ikalala fofofo, haikuamka tena. Wenzake walicheka, wakubwa wakaandika ripoti, na kituo kilipofungwa mzee akarudi nyumbani, akaketi kwenye kiti cha sebuleni miaka miwili mizima akiutazama ukuta. Hasemi, hanuni, hacheki. Mkewe, fundi redio mwenye mdomo wake, alikuwa akifagia anampita kama anavyoipita meza.

Ndipo siku moja mkewe akamburuta hadi kwenye kile kituo, sasa gofu, ati wakapunge upepo. Wakafungua redio kwenye masafa ya zamani. Saa nne na dakika ishirini asubuhi, muda uleule ambao setelaiti ilitakiwa kupita juu yao: pip, pip, pip. Imeamka! Mzee aliruka hadi kofia ikamtoka. Tangu hapo kiti cha sebuleni kikarithiwa na paka, na safari ikawa ya kila mwaka. Hii ilikuwa ya tisa.

"Betri nne za redio," Bwana Zima alimwambia muuzaji kwenye duka la kituo cha mafuta, "na mbili ndogo za saa ya ukutani."

"Saa gani?" mkewe akadakia. "Ile iliyokwama saa kumi na robo tangu kitinda mimba aolewe? Kila safari unainunulia betri!"

"Siku moja itashtuka. Halafu sikiliza, mama watoto. Mwaka huu setelaiti ikinyamaza, gari nauza. Nimechoka kuendesha kilomita mia tatu kwenda kuiamkia mbingu."

Mkewe alikiona kile kiti, akamwona paka anatimuliwa, akauona ukuta. Akaenda chooni. Mkoba aliuacha garini, maana choo cha pale hakikuwa hata na msumari wa kuutundika. Aliporudi aliukuta umegeukia upande wa pili. Akaupakata safari nzima.

Barabara ilifuata bahari, na redio nayo ikafuata mambo yake: mtangazaji wa mpira na mhubiri walikuwa wamebanana kwenye masafa mamoja, kila goli likaitikiwa amina. Bwana Zima alisimamisha gari ili awahesabu heroe majini. Akasimama tena kumpisha kenge aliyevuka lami kwa maringo, utadhani barabara ilijengwa kwa kodi yake.

"Mzee, setelaiti haitamsubiri kenge wako!"

"Itasubiri. Yenyewe ililala miaka mingapi?"

Walifika saa nne na robo. Chumba cha mitambo alikuwa amehamia ngiri na watoto wake watatu, na juu ya ule ungo mkubwa wa antena walikaa tumbili, wamejaa tele. Bwana Zima akaweka redio juu ya boneti, akavuta waya wake, akakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia.

Kama kila mwaka, mkewe akasema kibofu kinambana, akashika njia ya nyuma ya ukuta na mkoba wake mkononi. Hakufika. Tumbili dume alishuka mbio, akaukwapua, huyoo, juu ya ungo.

"Mwizi! Mtoto wa mwizi! Mjukuu wa mwizi!" Mama wa watu akarusha kiatu cha kulia, akakosa. Akarusha cha kushoto. Akarusha na maneno ambayo wanawe hawajawahi kuyasikia.

"Achana naye bwana! Kuna nini humo cha kukutoa roho?"

"Kuna... kuna miwani yangu!"

"Miwani umeivaa."

Saa nne na ishirini. Redio ikakoroma tu. Bwana Zima akainama, akasogeza sikio. Hakuna. Mabega yake yakaanza kushuka, na mkewe, pekupeku kwenye mchanga wa moto, akatamani kulia.

Juu kule tumbili alikuwa anafanya ukaguzi. Akatupa kitambaa. Akatupa kitana. Akatoa kidude cheusi chenye kitufe kimoja chekundu, akakinusa, akakibonyeza.

Pip, ikasema redio.

Tumbili akakipenda. Pip, pip, pip, pippippippip! Akakibonyeza kwa kidole, kwa meno, kwa kisigino, na redio juu ya boneti ikawa inaweweseka kama mwenye homa.

"Inasema!" Bwana Zima alipiga kelele, kofia hiyo hewani. "Jamani inasema! Leo ina maneno mengi!"

Tumbili akakigonga kidude kwenye chuma. Kikapasuka. Kimya.

Bwana Zima akafungua daftari lake, akaandika saa, akaandika: Imesikika, imechangamka kupita kiasi. Mkewe alicheka huku machozi yanamtoka. Mzee hakuinua macho hata mara moja, Mungu ni mwema. Mwaka mwingine wamevuka.

Mzee akaviokota viatu, akavikung'uta mchanga, akamletea. Akamfungulia mlango. Akawasha gari.

"Una mwaka mzima wa kutengeneza kingine," alisema, huku akirudi nyuma taratibu asimkanyage ngiri. "Na mwakani njoo na mkoba wenye zipu. Betri niachie mimi, kama kawaida."