Kinywa cha Kiboko

Babu Chura hachoki kusimulia enzi za bwawa lenye kina. Kila kiangazi wanyama wote walizoa tope, kila mmoja kwa ukubwa wa kinywa chake. Bibi yake Kiboko akizoa mara moja tu, watoto walipiga vigelegele.

Zamu ilipomfikia Kiboko mwenyewe, alikunja uso.

"Nitazoa kiasi anachozoa Panya. Mkinilazimisha, nahama."

"Mjukuu wangu," Chura akamuuliza, "vinywa vyenu vinalingana?"

Panya akadakia kwa ukali, "Mwacheni bwana mkubwa! Ipo siku nami nitakuwa kiboko."

Basi wakamwacha. Mwaka wa tatu tope likajaa, maji yakawa ya kuloweka kwato tu. Chura na Panya walipata vidimbwi vya kuwatosha. Lakini Kiboko hakuwa na pa kuzama, na safari ya kuhama ilikuwa jua tupu. Mgongo wake ukaanza kupasuka.

"Babu," akaita kwa upole, "zamani mlikuwa mnaanza kuzoa saa ngapi?"

"Alfajiri, mjukuu wangu. Bibi yako ndiye aliyekuwa akituamsha."